Kilo Hamsini na Moja

Kabianga
Jumapili, 7 Septemba 2025

Mpendwa dada Chepkemboi,

Chamgei. Nakuandikia nikiwa jikoni kwa sababu meza ya huku ndiyo haiyumbi. Baba anakusalimu. Siku hizi amewekwa upande wa tanuri kule kiwandani, na akirudi ananuka moshi wa mkaratusi mpaka ndama anamkimbia. Ndiyo, ng'ombe amezaa! Ni ndama jike, mweusi, ana doa jeupe kwenye paji la uso. Mama amesema hatapewa jina mpaka umalize mtihani, wewe ndiwe utakayempa.

Mama anakusalimu sana. Ulipoondoka nilikuona ukigeuka mara tatu pale konani. Usiwe na wasiwasi. Habari zake ni njema na nitazieleza zote.

Jana tulipeleka majani ya chai kituoni, mimi na yeye. Omollo, yule karani wa mizani, alikuwa amemaliza foleni na lori la kiwanda lilikuwa halijafika. Akina mama walikuwa wameketi wakipiga hadithi. Dorcus akasema, "Mama Chepkemboi, mashavu yamerudi. Hebu tukupime." Mama alikataa huku akicheka, lakini walimkalisha ndani ya gunia la wavu kama mtoto wa kliniki, wakalitundika kwenye ndoano. Miguu ilining'inia. Omollo akaitazama nambari kwa makini vilevile anavyotazama ya majani.

"Hamsini na tano. Natoa moja ya gunia. Hamsini na nne."

"Na ubora je?" Dorcus akauliza. "Ni majani mawili na chipukizi?"

"Mimi ni majani makuukuu," Mama akajibu kutoka mle guniani, "lakini kiwanda kitanichukua hivyo hivyo."

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Unakumbuka kwamba mwezi wa nane kule kliniki ya presha alikuwa hamsini na moja. Ameongeza kilo tatu kwa wiki mbili! Leo kanisani amesimama akatoa ushuhuda kwamba Mungu amemrudishia mwili wake. Watu walipiga makofi, mchungaji akalazimika kungoja.

Sasa jambo langu. Kwenye sayansi tumeanza masi, ujazo na densiti. Mwalimu Phelix anasema masi ni kiasi cha kitu chenyewe, ujazo ni nafasi ambayo kitu kinachukua, na densiti ni masi ukiigawanya kwa ujazo, yaani jinsi kitu kilivyoshonana ndani ya nafasi yake. Sanduku nimelielewa, unapima pande tatu unazidisha. Lakini ujazo wa kiazi unapatikanaje? Alieleza, ila Kiplimo alikaa mbele yangu na kichwa chake kina ujazo mkubwa.

Kitu kimoja nimekishika vizuri. Mwalimu alimrudishia Kiplimo daftari kwa sababu alijaza jedwali lote na alikuwa amepima mara mbili tu. Alimwambia, "Kipimo ambacho hukukichukua, usikibuni. Weka kistari. Kistari nacho ni jibu la kweli." Nimeanza jedwali langu nyumbani. Mstari wa kwanza ni Mama, kilo 54.

Barua hii anaibeba Bwana Kepher wa lori la kuni. Anasema huleta kuni shuleni kwenu kila baada ya wiki mbili, na zako unaweza kumpa yeye.

Mdogo wako,
Cheptoo


Shuleni, Kipkelion
19 Septemba 2025

Mpendwa Cheptoo,

Nimesoma barua yako kwenye foleni ya uji na nikacheka peke yangu, wakadhani mtihani umenipanda kichwani. Mwambie Dorcus akimtundika tena mama yangu nitakuja kumtundika yeye. Hapana, usimwambie. Mshukuru.

Kiazi ni rahisi. Chukua ndoo, iweke ndani ya karai, ijaze maji mpaka yafike ukingoni kabisa, tone moja zaidi limwagike. Zamisha kiazi polepole. Maji yatakayomwagika kwenye karai yapime. Hayo ndiyo ujazo wa kiazi, kwa sababu kiazi na maji haviwezi kukaa mahali pamoja. Kupimia tumia lile bomba la sindano la dawa ya ng'ombe, lina mistari ya mililita. Lioshe kwanza.

Na ukariri hili, litakufaa maisha yako yote: lita moja ya maji ni kilo moja. Hapo huhitaji kikokotoo.

Sisi hapa tunaamka saa kumi. Chakula ni kilekile. Madam naibu bado anasoma barua zote kabla hatujapewa na kabla hazijatoka, kwa hiyo mpe salamu na yeye.

Swali moja. Mama alikuwa na tarehe ya kurudi kliniki, tarehe kumi na tano mwezi huu. Niliiandika kwa kalamu nyekundu ukutani karibu na kalenda. Alienda?

Dada yako,
Chepkemboi


Kabianga
Jumapili, 28 Septemba 2025

Mpendwa dada,

Ndama anakua. Mvua imeanza kuja mchana, kwa hiyo tunachuma mapema. Baba anakusalimu na kusema usome, usifikirie nyumbani. Alinisimamia nilipoanza kuandika akasema, "Barua ya mtahiniwa isiwe na mambo mengi." Kwa hiyo nitaandika mambo ya shule.

Njia yako ya ndoo inafanya kazi. Kiazi kimoja kilimwaga mililita 140. Jiwe la kufungia mlango lilimwaga 310. Nilipokosa vitu vya kuzamisha, nilimwomba Mama mguu wake.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua mboga. Akaniuliza, "Mguu wangu umekosa nini mpaka uende shule?" Nikamwambia hauna umbo la sanduku. Akacheka. Nilipasha maji kidogo yasiwe baridi. Akauingiza mguu wa kulia mpaka nilipochora alama ya kalamu juu ya kifundo, na maji yakamwagika vizuri kwenye karai. Ulimwaga lita moja na mililita 200. Jana tukarudia, ukamwaga lita moja na mililita 350. Nilipomaliza akaniambia, "Haya, fundi wa maji, nifute." Nilipokuwa nikimfuta, kidole gumba changu kiliacha shimo kwenye mguu wake, kama kwenye unga wa chapati uliokandwa. Nilingoja lirudi. Nilihesabu mpaka arobaini. Mama akauvuta mguu akaushusha chini ya sketi.

Hili hapa jedwali. Mwalimu Phelix aliliona akaniambia nina mkono wa mwanasayansi. Sikumwambia mguu ni wa nani.

6 Septemba: kilo 54. Mguu: —
13 Septemba: kilo 55 na nusu. Mguu: —
20 Septemba: kilo 57. Mguu: lita 1.2
27 Septemba: kilo 59. Mguu: lita 1.35

Sasa naomba unisaidie swali la shule. Mtu ameongeza kilo tano kwa wiki tatu. Mtu huyo anakula nusu ya alichokuwa akila zamani, asubuhi uji kikombe kimoja, jioni ugali kidogo na anauacha. Analala akiwa ameketi, ameegemea magunia, kwa sababu anasema akilala chali kifua kinajaa. Kilo hizo zimetoka wapi? Je, mtu anaweza kutumia densiti kujua kama kilo ni za nyama au ni za kitu kingine?

Swali lako la kliniki nimelisoma.

Mdogo wako,
Cheptoo


Shuleni, Kipkelion
10 Oktoba 2025

Cheptoo,

Habari ya huko. Barua yako ilikaa ofisini siku tisa kwa sababu ya mitihani ya majaribio. Nimeipata leo na nimeisoma mara nyingi.

Nitajibu swali la shule kwanza.

Densiti haitakusaidia. Nyama ya mwili ina densiti inayozidi ya maji kidogo tu, na mafuta yana pungufu kidogo tu. Ukiweka vyote kwenye ndoo yako hutaona tofauti. Ndiyo maana mizani haiwezi kusema ni nini kimeongezeka, inasema tu kimeongezeka. Lakini kuna kitu kingine cha kutazama, na ni haraka yake. Mwili haujengi kutokana na hewa. Mtu anayekula nusu ya chakula hawezi kujenga kilo tano za nyama kwa wiki tatu, hata akilala mchana kutwa. Kitu pekee kinachoweza kuingia mwilini kwa haraka hiyo na kukataa kutoka ni maji. Kilo tano ni lita tano. Fikiria mtungi wa lita tano, yule mtu anautembeza mchana na anajaribu kulala nao usiku. Shimo la kidole lisilorudi ndilo jibu lako, kabla hujaleta hata ndoo.

Hilo ni swali la shule. Sasa langu. Mtu huyo ni nani?

Nakuuliza ingawa najua unasoma hapa ukitafuta mahali pa kuangalia pembeni. Wewe huwezi kudanganya, kwa hiyo umenyamaza. Nimeona ulivyolijibu swali la kliniki.

Jumamosi tarehe 18 ni maombi ya watahiniwa. Wazazi wote wanaitwa. Mwambie Mama nataka aje yeye mwenyewe. Sihitaji aje na chochote. Nataka kumwona akitembea kutoka lango hadi ukumbini.

Chepkemboi


Shuleni, Kipkelion
Jumapili, 19 Oktoba 2025

Cheptoo,

Baba alikuja peke yake.

Alikuwa amevaa koti lake la harusi. Alisema Mama amebaki kwa sababu ya majani mengi. Nikamwuliza mara ya pili. Akasema, "Mama yako amenenepa siku hizi, hata viatu vya kanisani vimemkataa. Angekuja na slipa, na hakutaka kukuaibisha." Alisema hivyo akitabasamu, Cheptoo. Anayaamini maneno ya watu wa kituoni na ya kanisani kwa sababu ni mazuri. Nikamwambia, "Baba, mpeleke hospitali." Akajibu kwamba Mama ameshatoa ushuhuda mbele ya watu wote, na kurudi kliniki sasa ni kama kumrudishia Mungu zawadi mkononi. Kisha kengele ikalia, wakatupanga mistari, wakatuombea.

Acha swali la shule. Chukua jedwali lako, lote, na umwekee Baba mezani. Usimwambie neno. Yeye ni mtu wa kiwanda, anaheshimu nambari zilizoandikwa na tarehe. Halafu mwambie kwamba lita moja ni kilo moja na umwache ahesabu mwenyewe.

Ifanyike wiki hii. Mtafute Bwana Kepher barabarani ikibidi.

Dada yako


Kabianga
Jumapili, 26 Oktoba 2025

Mpendwa dada,

Chamgei. Lori la Bwana Kepher limekaa siku nane kwa fundi, gia zimevunjika, kwa hiyo sijui kama umeniandikia. Hii nampa kondakta wa basi la Londiani, ameahidi kuifikisha langoni. Ya mwisho niliyopata kutoka kwako ni ya tarehe 10, ilifika siku moja kabla ya maombi.

Baba amesema nikuandikie kwamba tuko salama. Hayo ni maneno ya Baba na nimeyafikisha.

Nitakuandikia yaliyotokea kituoni Jumamosi ile Baba alipokuwa huko kwenu. Mengine nimekatazwa.

Mvua ilitunyeshea tukiwa katikati ya shamba. Kila mtu alifika na majani yaliyolowa. Omollo alitundika gunia la Dorcus, likasoma kumi na nane.

"Natoa moja ya gunia na mbili za maji. Kumi na tano."

"Mbili? Wewe Omollo, umetumwa kunimaliza?"

"Mama, sijatumwa. Njoo uone." Aliingiza mkono guniani akaminya konzi moja ya majani, na maji yakachuruzika mpaka kwenye kiwiko chake. "Hii mizani haijui majani na maji. Zote kwake ni kilo. Ndiyo maana kiwanda kimeniweka mimi hapa."

Dorcus akachukua gunia lake. Hakuna mtu kituoni asiyelijua jambo hilo, dada. Hata watoto wanajua kwamba majani yenye maji yanaidanganya mizani.

Halafu wakamtundika Mama. Siku hizi ni desturi, wanamaliza majani wanamtundika yeye. Ilisoma sitini na saba. Omollo akatoa moja ya gunia, akasema sitini na sita, na akina mama wakapiga makofi na mmoja akapiga kigelegele.

Nilikuwa na barua yako mfukoni. Nikasema, "Toa maji."

Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka. Dorcus akaniambia, "We Cheptoo, heshima." Nikapiga magoti kwenye matope, nikashika mguu wa Mama uliokuwa unaning'inia, nikaubonyeza mbele yao kwa kidole gumba. Nikatoa kidole. Wote waliliona lile shimo. Nikahesabu kwa sauti mpaka thelathini na halikurudi. Omollo alichuchumaa akalitazama, kisha akavua kofia yake. Aliishika hivi mkononi mvua ikimnyeshea kichwani.

Mama akasema, "Nishusheni."

Njiani alipumzika mara nne. Aliniambia jambo moja ambalo sitaliandika. Lilikuhusu wewe na mtihani wako, na nilielewa kwamba alijua kabla yangu.

Baba aliporudi jioni nilimpa jedwali. Alilisoma akiwa bado amevaa koti lake la harusi. Alilisoma muda mrefu sana.

Yaliyofuata ni yale niliyokatazwa.

6 Septemba mpaka 27 Septemba unazo.
4 Oktoba: kilo 61. Mguu: lita 1.45
11 Oktoba: kilo 63 na nusu. Mguu: lita 1.6
18 Oktoba: kilo 66. Mguu: lita 1.7
25 Oktoba: kilo 68, kwa mizani nyingine, ya kusimama. Mguu: —

Mdogo wako,
Cheptoo


Shuleni, Kipkelion
31 Oktoba 2025

Cheptoo mpendwa,

Imenifikia. Naelewa ni mizani ya wapi. Naelewa pia aliyekukataza na kwa nini, na sitamkasirikia.

Ulifanya vizuri kupiga magoti kwenye matope.

Jumatatu tunaanza karatasi. Kuanzia sasa usiniambie kitu chochote ulichokatazwa. Usimdanganye Baba na usinidanganye mimi. Niandikie nambari tu, kama jedwali la shule. Madam naibu akiliona ataliacha lipite, atadhani unataka nikukagulie hesabu. Nambari nitazimudu. Maneno sijui.

Chepkemboi


Kabianga
Jumapili, 9 Novemba 2025

Mpendwa dada,

Barua yako ya tarehe 19 na hii ya tarehe 31 zilinifikia kwa mkono mmoja, lori lilipotengenezwa. Ya tarehe 19 nimeiweka ndani ya daftari. Nilikuwa nimefanya kama ulivyosema kabla sijaisoma.

Ndama ana afya. Baba anakusalimu. Dorcus anakusalimu, anatupikia siku hizi. Omollo anakusalimu, alikuja nyumbani na kukaa kidogo.

Baba alinisomea maneno ya kuandika. Nimeandika yote isipokuwa sentensi moja ya salamu, ambayo ilikuwa ya mtu mwingine. Nilimwambia Baba kwamba Mwalimu Phelix alitufundisha tusibuni. Baba alinitazama, akatoka nje, na hakurudi kunilazimisha.

Mtu aliyevaa koti jeupe aliliona jedwali langu. Aliuliza ni nani aliyepima. Alilinakili lote, hata vistari, akasema hajawahi kuletewa historia ya mgonjwa iliyoandikwa hivi, na kwamba niendelee na sayansi. Nakuambia hili kwa sababu ni la shule.

25 Oktoba: kilo 68.
29 Oktoba: kilo 66, baada ya mashine ya kutoa maji.
1 Novemba: kilo 63, baada ya mashine. Mguu: lita 1.5. Niliupima mwenyewe, walinikubalia beseni.
4 Novemba: kilo 61. Mguu: lita 1.4
8 Novemba: — Mguu: —

Dada, fanya karatasi zako.

Cheptoo


Shuleni, Kipkelion
Alhamisi, 20 Novemba 2025

Cheptoo wangu,

Nimemaliza leo saa sita. Barua hii nampa Bwana Kepher, naye ataifikisha leo jioni, kabla yangu. Nataka uisome kabla hamjaja kunichukua kesho asubuhi, kwa sababu najua watakuwa wamepanga nani aseme na aseme wapi. Mwambie Baba asijaribu kunieleza barabarani. Nilijua tangu tarehe 14.

Madam naibu aliniletea barua yako mwenyewe, mkononi, Ijumaa hiyo. Alikuwa ameifungua. Alisema, "Mdogo wako anapenda hesabu," na sauti yake haikuwa ile ya kila siku. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba yeye pia alikuwa amepigiwa simu kutoka nyumbani, ila hakujua amenipa nini. Niliangalia zile nambari zikishuka, 66, 63, 61, na moyo ukaanza kupanda. Nilifika mpaka kwenye mstari wa mwisho nikiwa na furaha. Halafu nikarudi nikatafuta salamu ya Mama kwenye barua yote, mbele na nyuma, na haikuwepo.

Kwa siku sita kila mtu amekuwa mpole kwangu. Nimepewa yai asubuhi. Mpishi amenijazia sahani bila kuniangalia. Mwalimu wa fizikia alipita kwenye dawati langu akaweka mkono begani halafu akauondoa upesi. Sikumwuliza hata mmoja. Nikiuliza, watalazimika kusema, na wakisema sitashika kalamu. Kwa hiyo nililala na kistari chako chini ya mto na nikafanya karatasi zilizobaki. Kulikuwa na swali la chupa iliyojazwa vimiminika viwili, utafute densiti. Nilitumia maji kwanza, kama kawaida: lita moja, kilo moja.

Usikae ukihesabu kama ungesema mapema. Nimekuona, nakujua, utakuwa umeshachora jedwali lake. Watu hamsini walimwona akipanda wiki baada ya wiki na wakapiga makofi. Mimi ni mtahiniwa wa fizikia na nilicheka kwenye foleni ya uji. Wewe ndiwe uliyesema. Nambari zilianza kushuka kwa sababu yako. Siku kumi na nne alilala akiwa na pumzi zaidi. Hizo pia ulizipima.

Najua hamjamzika. Kwetu hawaziki kabla mtahiniwa hajamaliza, tuliona kwa kina Joab mwaka juzi, mtoto wao akija na sanduku lake la shule moja kwa moja mpaka kaburini. Mimi nataka kufika nyumbani kwanza. Nataka kukaa na wewe jikoni kwenye ile meza isiyoyumba, uniambie lile jambo alilokuambia njiani, tukiwa wawili tu. Ndama nitampa jina siku hiyohiyo. Ndoo usiitumie kwa kazi nyingine mpaka nione alama za kalamu.

Wanaume watakapoinua jeneza watasema ni zito. Wengine watasema, angalau ameondoka akiwa na mwili wake. Waache waseme. Wewe fanya kama Omollo. Toa gunia, toa maji. Kisha fungua daftari, na juu kabisa, kabla ya mstari wa tarehe 6 Septemba, andika: Agosti, kilo 51. Huo si wa kubuni. Ulipimwa, na mimi nilikuwepo.

Dada yako,
Chepkemboi